Husuni Kubwa, Kilwa: waliunganisha mawe kwa kitu gani?

Wakuu, nimetoka Kilwa Kisiwani. Kuta za Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, zimesimama tangu karne ya 14, na saruji haikuwepo. Walitumia nini? Halafu mbona vyumba ni vyembamba hivyo?

JIBU: Chokaa, mkuu. Mimi ni mwashi, na babu alinifundisha kuichoma. Unapanga magogo, juu unamwaga matumbawe, yaani mawe ya baharini, unawasha. Moto ukiisha yanabaki madonge meupe. Ukiyanyunyizia maji yanachemka na kusambaratika yenyewe. Babu hakuigusa chokaa mpaka ilale miezi. Fundi wa haraka ukuta wake unapukutika. Wembamba ni wa boriti: dari ilibebwa na mikoko, na mkoko hauvuki mbali, kama mita 3 hivi.

Na ile miimo ya milango iliyochongwa?

JIBU: Hilo ni tumbawe laini linalotolewa baharini likiwa bichi. Linachongwa likiwa na maji. Likikauka linakuwa gumu.

Nilisikia wajenzi walikuwa wageni tu.

JIBU: Inaniuma kusikia hivyo. Kule Shanga, Kenya, chini ya msikiti wa mawe wachimbuaji walikuta misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine. Ufundi huu umekulia hapahapa pwani.