Katikati ya mji: Nairobi au Dar, wapi pakubwa na pana pilika zaidi?

Swali: Nikilinganisha Posta ya Dar na CBD (kitovu cha biashara) ya Nairobi, Dar inaonekana ndogo na imepoa. Ni kweli?

Jibu 1: Umepima nusu ya mji. Posta ni ofisi, benki na wizara, na wizara nyingi zimehamia Dodoma. Watu wako Kariakoo. Kati yake na Posta wakoloni waliacha uwazi wa Mnazi Mmoja, kuanzia barabara ya Bibi Titi hadi mtaa wa Lumumba, ndiyo maana mji unaonekana vipande viwili. Anza barabara ya Samora pale Posta, vuka hapo, ishia mtaa wa Msimbazi kule Kariakoo, kisha ulinganishe.

Jibu 2: Nairobi nayo ina sura mbili, ila zimeshikana. Ukivuka Moi Avenue kwenda mtaa wa Tom Mboya na River Road, maghorofa yanakuwa mafupi, watu wanaongezeka: stendi za matatu, maduka ya jumla, vyumba vya maduka vilivyogawanywa kuwa vibanda.

Jibu 3: Saa ya kupima ni muhimu. Nenda saa kumi na moja jioni siku ya kazi, halafu Jumapili asubuhi. Posta Jumapili ni kama kumehamwa.

Aliyeuliza: Kumbe niliishia Askari Monument tu, ile sanamu ya askari pale Posta.