Ampilifaya inajizima nikipandisha sauti, niweke feni gani?

Besi Nzito: Wakuu, habari za jioni. Nina pawa ampilifaya ya stereo nyumbani, miaka yote imetulia. Siku hizi nikipandisha sauti inachemka, inalia "tak", spika zinanyamaza. Ikipoa inarudi. Nataka kuifungia feni. Ipulize ndani au ivute joto nje? Jumamosi nina wageni, nimechanganyikiwa.

Kinanda: Uza hiyo mkuu, tafuta ya valvu, zile taa za kioo za zamani. Tangu nihamie huko, hata mke wangu anakaa sebuleni kusikiliza.

Bi Sauti: Sauti kubwa hivyo ya nini? Majirani wana watoto wanaolala.

Mshika Mita: Hiyo "tak" ni rilei ya ulinzi, swichi inayojiendesha, ikikata spika. Inakuokoa. Spika ngapi, omu (kipimo cha ukinzani) ngapi?

Besi Nzito: Spika za kawaida tu mkuu. Mimi naulizia feni.

Mshika Mita: Geuza spika, nyuma pameandikwa.

Besi Nzito: Omu 4. Ziko jozi mbili, ya pili niliiongeza juzijuzi palepale ilipofungwa ya kwanza. Lakini muziki sasa umejaa, siwezi kuitoa.

Mshika Mita: 4 na 4 zikikaa sambamba unapata 2. Ampilifaya nyingi za nyumbani mwisho wake wa chini ni omu 4. Unailazimisha itoe mkondo maradufu, na joto linaishia kwenye transista za mwisho, zile zinazosukuma spika. Fyuzi ilivumilia hayo?

Besi Nzito: Iliungua. Nikaweka mpya, ikakatika papo hapo nilipowasha. Kwa sasa nimefunga uzi wa shaba. Haujakatika hata siku moja, kwa hiyo umeme uko sawa.

Kunguru: Chai hii. Kwanza "imetulia", mara spika nne, mara shaba. Omu 2 bila fyuzi ingekuwa majivu zamani. Wasimamizi, fungeni mada hii.

Kinanda: Nami nilishangaa, ila nikanyamaza.

Bi Sauti: Chai au si chai, mwanangu, shaba hiyo itaunguza nyumba na wageni wakiwa ndani.

Besi Nzito: Situngi jamani! Nimezima, nimechomoa nyaya za spika, nimepima: moja 3.4, mbili pamoja 1.7.

Kunguru: Anayetunga angeandika 4 na 2. Spika ya omu 4 kwenye mita husoma chini kidogo ya 4. Nafuta maneno yangu. Fyuzi mpya ilikuwa na herufi gani?

Besi Nzito: F.

Kunguru: F ni ya kukatika haraka. Transfoma kubwa ya duara ikiwashwa huvuta mkondo mwingi kwa kitambo kidogo, F haisubiri. Tafuta T, inayochelewa kukatika, ampia zilezile zilizoandikwa kwenye kasha.

Mshika Mita: Chomoa plagi na usubiri. Kapasita hubaki na chaji, pima kabla ya kuingiza mkono. Ukishaweka T, washa bila spika upime volti za DC kwenye matundu ya kufungia spika: zisizidi milivolti 50. Zikizidi sana, mpelekee fundi. Zikiwa sawa, na kama spika zote zinafanana, ziunge mbili mbili kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine, kila upande upate omu 8.

Besi Nzito: Si sauti itapungua? Jumamosi hiyo wakuu.

Mshika Mita: Itapungua, ila itacheza mpaka asubuhi. Na isiwe ndani ya kabati.

Besi Nzito: Kabati lina mlango wa kioo, nitauacha wazi.

Mshika Mita: Toa shaba kwanza, kabati tutalizungumza baadaye.