Naomba msaada: école ni silabi mbili au tatu?

KijanaWaMeru
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naongoza watalii hapa Arusha. Kiingereza tunacho wote, mwenye Kifaransa ndiye anayepigiwa simu, basi nimeanza kujifunza, mwezi wa nne huu. Juzi tulipewa kazi ya kugawa silabi. École nikaandika é-co-le, nikapata vema. Kesho yake nikaisoma "e-ko-le" mbele ya darasa, naambiwa nimekosea, ni silabi mbili. Jamani, tushike lipi? Halafu kwenye imla napigwa mkasi kwa vialama: térre, élle, mérci. Nisaidieni kabla sijakata tamaa.

MwanaGoma
Ndugu, zote mbili ni kweli. Tatu za kalamu, mbili za mdomo. Ile e ya mwisho daftarini inahesabiwa, mdomoni haipo: e-kol. Samedi nayo unaikata sa-me-di, ila watu wanasema sam-di. Ulimi wetu umezoea silabi inayoishia na irabu, ka-la-mu, ndiyo maana ukiona avec unataka kusema "aveki". Na ukikutana na ils parlent, usithubutu "parlenti". Hiyo -ent yote kimya, inasikika sawasawa na il parle. Mimi hiyo nilichapiwa darasa la tatu, sijaisahau.

BiImla
Marahaba mwanangu. Vialama vyako dawa yake ni hizo hizo silabi. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili, inakwenda na irabu inayofuata: é-co-le. Zikiwa mbili zinaachana: mer-ci, ter-re, el-le. Jozi kama bl na pr haziachani, ta-bleau, wala ch na gn: mon-ta-gne (hiyo gn ni ny yetu ya nyumba).
Sasa itazame e. Ikifungwa na konsonanti ndani ya silabi yake, haihitaji alama. Ikibaki wazi mwishoni mwa silabi, na unaisikia waziwazi, hapo ivishe: é-co-le, pè-re. S ya mwisho tu ndiyo haifungi kitu, kwa hiyo a-près inabaki na alama yake.

KijanaWaMeru
Kumbe! Yaani térre ni kosa kwa sababu r ya kwanza imeshaifunga e?

BiImla
Hapo hapo.

DerevaMzoefu
Mkuu, hayo ya daftari sawa, ila kabla hujapanda gari na wageni chunga u. U yetu sisi wao wanaiandika ou. U yao ni nyingine: weka midomo kama unasema u, halafu bila kuisogeza sema i. Ndiyo inayotenganisha "tu" (wewe) na "tout" (yote). Mimi nilipoipata nikanogewa, nikawa naipachika kila mahali. Mama mmoja mtu mzima akanipa bahashishi, nikamshukuru "merci beaucoup" kwa u hiyo mpya. Mumewe akapaliwa na maji. Baadaye ndiyo naelezwa kwamba nimesema asante, makalio mazuri.

KijanaWaMeru
😂😂 Pole kaka. Bahashishi hukurudishiwa? Kwa hiyo ni bo-ku, na p haisemwi?

DerevaMzoefu
Bo-ku, kwa u ya nyumbani kwenu. P iache daftarini.