Mkosi, gundu, bundi juu ya nyumba: nani bado anaamini? Tupeane uzoefu

Mbukwenyi wakuu. Leo tupeane uzoefu wa hizi imani za kila siku, hasa sisi wa Dodoma, Singida na Manyoni, maana tumelelewa nazo toka wadogo. Usifagie usiku utafukuza riziki, usipige mluzi gizani utaita nyoka, jicho la chini likicheza utalia, kiganja kikiwasha kuna hela inakuja, ukijikwaa mguu wa kushoto unatoka nyumbani bora urudi ukae.

Mi nianze na bundi. Nimekulia kijijini upande wa Bahi, nyumba ya tembe, na bundi alikuwa anakuja kutua juu ya tembe usiku, marehemu bibi akimsikia tu anatoka na kijinga cha moto anamfukuza na kesho yake hakuna anayesafiri. Nilivyokua nikawa naenda kuangalia pale chini anapotua. Kuna vidonge vya manyoya ya kijivu, vikavu, ukikipasua kimoja kwa kijiti unakuta vifupa na taya la panya lina meno yake yote. Bundi anammeza panya mzima halafu manyoya na mifupa anavitapika. Kumbe alikuwa anafuata panya wa kwenye vihenge vyetu vya mtama na uwele! Na ile ya kwamba akilia mtu anakufa, jamani, nyumba yenye mgonjwa watu hawalali, kwa hiyo lazima wamsikie, ila usiku ambao wote tumelala fofofo akalia akaondoka nani anamhesabu?

Za ufagio na mluzi mi sina shida nazo, enzi za kibatari ukifagia usiku unaweza kutupa hela na takataka. Zinazoniuma ni zile zinazonyoosha kidole kwa mtu. Leteni zenu, ulichokiona mwenyewe au alichokusimulia mzazi wako.

Mdau wa Majengo:
Mi nina genge sokoni na naamini, sifichi. Mteja wa kwanza ndo anafungua siku, kuna watu wana mkono mwepesi, akinunua hata fungu moja la mchicha mpaka saa nne nimemaliza, na mwingine akishika nyanya akaziacha basi siku nzima wanapita tu wanaangalia. Ile hela ya kwanza naigusisha kwenye bidhaa zote ndo naiweka. Chumvi usiku siuzi, na sindano pia. Mama yangu alikuwa hauzi, bibi yangu alikuwa hauzi, sasa mimi nianze ili nipate nini?

Mleta mada:
Dada yangu nimekuelewa, ila huyo mwenye mkono mzito unamfanyaje akija asubuhi?

Mdau wa Majengo:
Namuuzia. Simwambii kitu, na hilo nakubaliana na wewe. Kuna mama mmoja hapa jirani watu wanamkwepa mpaka akifika wanafunika biashara, anakuja kununua saa tano kwa aibu. Inaniuma sana.

Mdau wa Nkuhungu:
Mi bodaboda. Kuna mbuyu barabara ya huku kwetu, usiku ukipita unasikia vitu vinapiga mbawa na harufu nzito ambayo mchana haipo, madereva wengi wanazunguka njia ya mbali kabisa. Abiria akiniambia nipite pale saa sita usiku naongeza nauli, sitanii.

Mleta mada:
Kaka, ua la mbuyu linafunguka jioni na linatoa harufu kali usiku, popo wanafuata asali yake na wao ndo wanauchavusha. Pita msimu wa maua asubuhi uangalie chini utayakuta meupe makubwa yameanguka. Na mti wenyewe umebaki Dodoma yote hii kwa sababu hauna mbao wala mkaa wa maana, una maji kama sifongo, nani apoteze shoka lake.

Mdau wa Kondoa:
Samahani mleta mada, hapo unataka kutupeleka kubaya. Usiweke tambiko na jicho kucheza kapu moja. Kwetu Kolo kule kwenye michoro ya miambani, ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, kuna pango la Mungomi watu wanaenda kuomba mvua na kutibiwa toka enzi za mababu, na kwa huku kwetu kwenye msimu mmoja tu wa mvua huwezi kumwambia mkulima akae kimya asubiri mawingu. Mababa zangu wamechinja pale. Hiyo ni ibada ya watu wengi pamoja, haimtaji jirani yeyote kwa ubaya.

Mleta mada:
Nimekubali mzee wangu, na Wagogo watemi wetu walikuwa na mawe ya kuombea mvua pia. Sitayachanganya tena.

Mdau wa Singida:
Huku hadithi yetu ni simba watu. Babu alikuwa kijana miaka ile ya 1940, watu walikuwa wanauawa mashambani na ilisemekana ni simba wa kutumwa, baadaye ikajulikana kuna binadamu waliokuwa wanavalishwa ngozi na kutumwa kuua. Babu alikuwa anasema kilichowalinda wauaji ni kwamba kila mtu alishaamini ni simba, kwa hiyo hakuna aliyetafuta mtu.

Mdau wa Kongwa:
Nimesoma yote nikaona niandike ya bibi yangu mzaa mama. Alikuwa na macho mekundu, yanatoka machozi muda wote, akawa anaitwa mchawi, watoto wanamkimbia kisimani. Wapiga ramli chonganishi serikali iliwapiga marufuku Januari 2015 baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ila maneno ya kijiji nani anayapiga marufuku. Siku wamekuja wahudumu wa macho wakamgeuza kope, ni vikope! Ule ugonjwa unasambazwa na nzi na mikono michafu, na sisi maji ni ya shida, ukikaa nao miaka mingi kope zinajikunja kwa ndani zinakwaruza mboni kila akipepesa. Wazee wengi huku wanao. Wakamfanyia upasuaji mdogo wa kope, na moshi wa kuni tukampunguzia.

Mleta mada:
Pole sana na hongereni. Hao watoto walirudi kwake?

Mdau wa Kongwa:
Watoto walirudi, wanamchotea maji sasa hivi. Jirani aliyeanzisha maneno hajawahi kuja kumwomba radhi mpaka leo.