MREJESHO: Kuhamisha laini ya eSIM kwenda simu mpya

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuhamisha eSIM (laini iliyo ndani ya simu, isiyo na kadi ya kuchomeka) kutoka iPhone ya zamani kwenda Samsung mpya. Asanteni kwa michango.

Kuskani ile QR ya mwanzo, msimbo wa picha wa kuwashia eSIM, kumegoma. Ilishatumika, na ilikuwa ya mara moja tu. Aliyesema nibonyeze *#06# kwenye Samsung nichukue EID, ile namba ndefu ya tarakimu 32 inayotambulisha eSIM ya simu, kisha niende duka la mtandao wangu na namba ya NIDA, ubarikiwe sana. Nimeweka kidole, nikapewa QR mpya, mtandao ukashika pale pale kaunta. Laini kwenye iPhone ikakata yenyewe.

Kilichobaki ni programu ya benki: inanichukulia kama mgeni, inataka nikajisajili upya tawini. Jumatatu nitawafuata. WhatsApp haijasumbua kabisa.