Tupeane uzoefu: mliowahi kuruhusu + na == kwenye aina za mtumiaji, mliamuaje?

Mfua_Sintaksia
Wakuu, habari za muda huu. Natunga lugha ndogo ya programu na nimekwama hapa: mtumiaji akijitengenezea aina yake, mathalani Vekta (safu ya namba), aruhusiwe kuandika a + b au abaki na a.jumlisha(b)? Java ilikataa tangu mwanzo, ingawa yenyewe ikajiruhusu + kwenye String. Go nayo imekataa. C++, Python, Rust na Kotlin zimekubali, kila moja kwa masharti yake. Mimi naelekea kukubali. Nimeandika hesabu nyingi kwa BigDecimal ya Java (aina ya namba za desimali zenye usahihi mkubwa), na ukishasoma a.add(b).multiply(c) mara kadhaa kwenye mstari mmoja, kanuni yenyewe huioni tena. Waliopita njia hii watupe uzoefu, hasa maamuzi yaliyowaumiza kichwa.

Kushoto_Kulia
Mkuu, Vekta kujumlishwa na Vekta hakuna kazi. Kazi iko kwenye 2 * v, v ikiwa Vekta. Ukisema opereta (alama kama + na *) ni methodi, yaani fanksheni, ya kilicho kushoto, v * 2 itakubali na 2 * v itagoma, maana namba 2 haiijui Vekta yako na huwezi kwenda kuifundisha.

Lugha tuliyoitunga sisi ilifuata njia ya Python. Wa kushoto anaulizwa kwanza kupitia __mul__. Asipoweza, harushi kosa, anarudisha NotImplemented, kisha wa kulia anaulizwa kupitia __rmul__. Kosa linatokea wote wawili wakishindwa. Na kuna sharti dogo ambalo wengi hulipita: aina ya kulia ikiwa imerithi ile ya kushoto na ina __rmul__ yake, ndiyo inayotangulia kuulizwa. Kwetu lilikuwa na faida kubwa. Tulikuwa na Matriksi, na MatriksiMlalo iliyoirithi, yenye namba kwenye ulalo tu na sifuri kwingine kote. Bila sharti hilo, Matriksi * MatriksiMlalo ingejibiwa na mzazi, naye angezidisha sifuri zote moja baada ya nyingine.

Sawa_kwa_Sawa
Naomba niitetee ==, kwa sababu watu huitupa kapu moja na +. Msomaji wa msimbo anaitarajia mengi: a == b iwe sawa na b == a, na vitu viwili vilivyo sawa vitoe hashi moja (namba ambayo seti huitumia kutafuta kitu), la sivyo seti itabeba nakala mbili za kitu kilekile. Python 3 ni kali hapa: darasa likiandika __eq__ bila __hash__, vitu vyake haviingii kwenye seti kabisa. Nimeiga ukali huo na sijutii.

Pili, usimwachie mtu aandike == na != kila moja kivyake. C# inalazimisha ziandikwe zote mbili, lakini haikagui kama zinakubaliana. C++20 ndiyo iliyonifurahisha: unaandika ==, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inapata != kwa kuikanusha. Na <=> moja inatosha kwa <, <=, > na >=.

Tatu ni NaN, thamani ya hesabu isiyo na jibu, kama sifuri kugawanywa kwa sifuri. Kwa IEEE 754, kanuni ya namba za desimali kwenye kompyuta, haiwi sawa hata na yenyewe. Rust ikatenganisha PartialEq (usawa usioahidi kitu kuwa sawa na chenyewe) na Eq (unaoahidi), na ndiyo maana f64, namba ya desimali, haiwi ufunguo wa HashMap, kamusi ya Rust. Amua mapema, mkuu.

Mzunguko_Mfupi
Kifupi tu: && na || (“na” na “au” za mantiki) zifunge, mtumiaji asizibadilishe. Kwa kawaida upande wa kushoto ukitosha kutoa jibu, wa kulia haukokotolewi. Kwenye C++ ukizipa maana yako, zinageuka fanksheni ya kawaida na pande zote mbili zinakokotolewa. Nilirithi mradi ambapo p && p->tayari() iliangusha programu kila p ilipokuwa tupu, kwa kuwa darasa la p lilikuwa na && yake. Ukiusoma mstari ule huoni kasoro yoyote.

Daraja_la_Kwanza
Na daraja za opereta, yaani ipi inatangulia kukokotolewa, usiziguse. Kwenye C++ mtu akiifanya ^ kuwa kipeo, a ^ 2 + 1 inasomeka a ^ (2 + 1), maana + inatangulia. Haskell na Swift zinamruhusu mtumiaji kubuni alama na daraja zake, lakini msomaji mgeni hawezi kuweka mabano kichwani bila kutafuta tamko. Python 3.5 ya mwaka 2015 iliongeza @ kwa kuzidisha matriksi, alama moja yenye daraja linalojulikana. Njia hiyo naipenda zaidi.

Mfua_Sintaksia
Asanteni sana wakuu. && nafunga, daraja siachii, != itatoka kwenye ==. Imebaki +=. Nafikiri a += b iwe a = a + b basi, isibadilishe kitu chenyewe.

Kushoto_Kulia
Kwa Vekta sawa. Kwa matriksi kubwa utanakili data yote kila mzunguko. Python inaruhusu __iadd__ (+= inayobadilisha kitu chenyewe) kwa sababu hiyo, lakini ndipo majina mawili ya orodha moja yanabadilika pamoja: ukiandika b = a kisha a += [1], b nayo inaongezeka. Kama vitu vya lugha yako havibadiliki, baki na uamuzi wako. Vinabadilika?

Mfua_Sintaksia
Havibadiliki.

Kushoto_Kulia
Basi endelea. Kompaila yako ikiona hakuna mwingine anayeshika a ya zamani, iandike jibu palepale kwenye kumbukumbu yake.