Maji ya bomba Dodoma: huyu muuza mashine ananiambia ukweli au ananipiga?

Kijana wa Chilonwa:
Wakuu habari za jioni. Nakaa Nkuhungu, maji yetu ni ya bomba ila ni ya mgao kwahiyo yakitoka tunajaza simtank ndo tunatumia humo. Kwa macho masafi kabisa, ila jagi la umeme ndani limejaa ukoko mweupe, unakwangua leo keshokutwa umerudi, na chai ina kaladha flani hivi ambako wageni wa kutoka Dar ndo wanakusemea, sisi tushazoea. Sasa jumamosi kapita kijana anauza mashine za kuchuja maji, akaweka glasi mbili mezani, moja maji yetu moja maji ya mashine yake, akatumbukiza kidude chenye vyuma kinachochomekwa kwenye umeme, muda mfupi tu glasi yetu ikageuka rangi ya kutu na matope matope yanaelea, ya kwake ikabaki vilevile. Waifu nusura alie maana tuna mtoto wa miezi minne. Jamaa anasema hayo ndo tunakunywa kila siku na ndo yanaleta mawe kwenye figo. Bei laki saba na nusu, anakubali hata kwa mafungu. Sisi siku zote tunachemsha tu. Ile rangi ni uchafu kweli? Na kwa maji ya huku kwetu filta gani ya maana?

Fundi Ipagala:
Mkuu hayo mazingaombwe ya glasi yana miaka mingi, wanazunguka nayo mpaka maofisini. Kile kidude kina chuma cha kawaida na aluminiamu, maji yakiwa na chumvi chumvi umeme unapita, ule msumari wa chuma unaanza kuliwa na kinachoelea pale ni kutu ya kidude chenyewe, haijatoka kwenye maji yako. Maji ya mashine yake yametolewa chumvi karibu zote, umeme haupiti vizuri ndo maana yanabaki meupe. Akirudi mwambie atie chumvi ya mezani kidogo kwenye glasi YAKE halafu awashe, utaona atakavyoanza kukusanya vitu vyake. Usijaribu mwenyewe na waya nyumbani lakini, umeme na maji sio mchezo.

Mzee wa Kongwa:
Sisi tumekunywa maji ya kuchimba korongoni na punda anakunywa pembeni na tumefika hapa, nyie watoto wa simtank mnaogopa ukoko 😂

Dada wa Maabara:
Mzee wa Kongwa shikamoo, waliofika ndo wanasimulia, ambao hawakufika hawapo humu kujibu.

Kijana, maji mengi ya mjini Dodoma yanatoka visima virefu vya Mzakwe kule Makutupora. Ni maji ya chini ya ardhi, yamekaa na mawe muda mrefu yakayeyusha kalsiamu na magnesiamu, ndo yanaitwa maji magumu. Ukichemsha ile kalsiamu inaganda, huo ndo ukoko wako, na ndo sababu sabuni haitoi povu haraka. Kwa afya WHO (Shirika la Afya Duniani) hawajaweka hata kikomo cha ugumu wa maji, kwahiyo mambo ya figo ni maneno ya biashara. Jagi weka siki au maji ya ndimu, chemsha, acha likae kidogo, suuza, ukoko unatoka wenyewe bila kukwangua.

Cha kuangalia ni kile ambacho hakina rangi wala ladha. Kwa mji uliojaa vyoo vya shimo na mifugo ukienda pembeni kidogo tu, mimi ningeulizia nitreti. Inatoka kwenye vyoo, samadi na mbolea, inashuka mpaka kwenye maji ya chini, hasa visima vifupi vya mitaani. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima haimsumbui sana, ila mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anaanza kuwa wa bluu midomoni. Na kuchemsha HAKUSAIDII hapo, maji yanapungua kwa mvuke nitreti inabaki palepale, kwahiyo ukichemsha sana ndo unaikoleza. Mtoto ananyonya tu au na kopo?

Mnyaturu Halisi:
Dada kasema vizuri, naongezea floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji kutoka kwenye mawe. Huku Singida kuna vijiji ukiongea na mtu unajua kakulia wapi kwa kuangalia meno tu, yana mabaka ya kahawia, na ikizidi sana inaingia mpaka kwenye mifupa. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania zamani tulikuwa tunaruhusu hadi 4 kwa sababu ya hali ya maji yetu, baadae tukashuka nasi. Hii nayo haitoki kwa kuchemsha. Arusha pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji wanaiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huu wa kawaida kwenye filta za madukani hauiwezi.

Kijana wa Chilonwa:
Aisee asanteni. Mtoto ananyonya ila waifu karudi kazini kwahiyo mchana anapewa kopo, na maji ndo hayohayo tunachemsha. Sasa nafanyaje, ninunue ile mashine au niache? Na kile kimita chake kidogo kilisoma mia saba na kitu akasema ni sumu.

Dada wa Maabara:
Kile kimita kinahesabu chumvi zote kwa pamoja, hakijui ipi mbaya ipi nzuri, na vijidudu hakivioni kabisa, maji ya mvua yenye kinyesi cha ndege yatasoma kidogo sana na yatakuharisha. Mia saba ni maji yenye ladha, sio sumu, watu wengi wanaanza kuyakataa yakipita elfu moja.

Fanya hivi, kabla ya kutoa laki saba peleka sampuli kwenye maabara ya maji, ya DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) au ile ya wizara, zote ziko hapahapa mjini. Waambie unataka nitreti, floraidi, na vijidudu vya kinyesi. Chupa ya vijidudu wakupe wao maana lazima iwe imetakaswa, na uifikishe siku hiyohiyo ikiwa ya baridi. Chukua mbili, moja bombani moja kwenye simtank. Nimeona sana bomba liko safi tenki ndo bovu, mfuniko umepasuka, klorini imeshaisha, chini kuna tope na mijusi.

Mpaka majibu yatoke, maziwa ya mtoto korogea maji ya chupa, nayo uyachemshe. Au mkeo akamue maziwa yake ayaache, ndo bora kuliko vyote.

Fundi Ipagala:
Majibu yakija ndo unajua ununue nini. Tatizo likiwa vijidudu tu, ndoo ya kuchujia yenye mishumaa ile ya udongo inatosha, au endelea kuchemsha, au waterguard (dawa ya klorini ya kutia kwenye maji), na usafishe tenki. Filta ya mkaa inaondoa harufu ya klorini na ladha, basi. Nitreti au floraidi ikizidi hapo ndo utahitaji RO, yaani mashine inayosukuma maji kwa presha kwenye membreni, ngozi nyembamba inayozuia chumvi, kama ya yule kijana, sio mashine mbaya, ni maneno yake ndo mabaya. Ila muulize bei ya katriji (vichujio vya kubadilisha) na ile membreni na zinapatikana duka gani hapa Dodoma, maana wengi wanauza mashine halafu simu hawapokei.

Halafu presha. RO bila pampu inataka kama bar 3, na simtank kila mita 10 za juu ndo bar moja, sasa mnara wako wa mita tatu unakupa nini? Lazima iwe na pampu yake, umeme ukikatika hakuna maji. Na kwa lita moja unayokunywa inamwaga tatu nne hivi, kwa mgao wetu huu inauma, kwahiyo bomba la kumwagia elekeza kwenye pipa, deki na chooni yanafaa. Bustanini usimwage kila siku, ni ya chumvi zaidi, mchicha utakuwa wa njano.

Kijana wa Chilonwa:
Poa, jumatatu naenda na chupa. Yule kijana kashapiga simu mara mbili anasema ofa inaisha leo.

Mzee wa Kongwa:
Muulize kama ameitia chumvi glasi yake.